Vinyago vya njia ya Ngorongoro: kweli au uzushi?

Ukitoka Makuyuni kuelekea Mto wa Mbu, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Rhotia, Karatu mjini na geti la Lodoare la kuingia Ngorongoro, picha za rangi na vinyago vimepangwa kando ya lami karibu njia nzima. Wengi wetu tunavipita tukiwa ndani ya basi, na maneno tunayoyasema juu yake tumeyaokota huko huko safarini.

“Maduka yale ni ya Wazungu.” Uzushi, ila una chanzo. Bei nyingi zilikuwa zikitajwa kwa dola, na uwanjani zimeegeshwa Land Cruiser tupu. Lakini mlango hauna tiketi. Ingia, toa salamu, sema umekuja kutazama kwanza. Jambo ambalo wenyeji wa biashara hii wanalijua ni kwamba bei ya mtalii mara nyingi imebeba cha juu cha aliyemleta. Wewe uliyeshuka kwenye Noah ya abiria hukuletwa na mtu, kwa hiyo una haki ya kuomba bei iliyoshuka, na ukiomba kwa Kiswahili cha adabu utashangaa inavyoshuka. Ila usikae saa nzima ukimpangulia mtu rafu zake halafu ukaondoka bila hata asante. Kuna wauzaji wanaoishi kwa kile walichouza siku hiyo.

“Tingatinga ni uchoraji wa kale wa kabila fulani.” Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo nawaonea huruma watalii, maana wanahadithiwa mambo ya mababu. Edward Saidi Tingatinga, ambaye uchoraji huu umebeba jina lake, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kung’aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo alizozimudu. Kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake, kina January Linda na Ajaba Abdallah, ndio walioendeleza mkono wake, na baadaye wakajiunga katika ushirika. Sanaa hii ina umri mdogo kuliko Azimio la Arusha. Twiga na chui unaowaona Karatu walizaliwa Dar es Salaam, wakafuata watalii kaskazini.

“Chui yuleyule yuko kwenye maduka kumi, basi wamemchapa kwa mashine.” Kwa kawaida hapana. Mtindo huu ulienea kwa mwanafunzi kuiga picha ya mwalimu wake, na hadi leo mchoraji anaweza kurudia chui mmoja mara nyingi kwa mkono. Ilaze picha mwanga uje kwa ubavu: rangi ya mafuta huacha kijituta pale brashi ilipopita, na karatasi iliyochapwa huwa bapa. Ila ukitaka picha ambayo jirani yako hana, usiitafute rafuni. Nenda pale mchoraji anapochorea, mwulize anachochora akiwa hana oda.

“Kinyago cheusi ni mpingo, na kimechongwa na Mmaasai.” Nusu ya kwanza huwa kweli mara moja moja, ya pili ni nadra mno. Moyo wa mpingo ni mweusi au kahawia iliyokolea, mbao inayouzunguka ni nyeupe-njano, na ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu utaujua ukikipindua kinyago na kukisugua kitako kwa kitambaa chenye maji. Wachongaji wenyewe wengi ni Wamakonde, watu wa Mtwara na Msumbiji, na baadhi wameweka makazi Mto wa Mbu. Pale unaweza kukaa ukatazama tezo inavyokula gogo na msasa unavyomalizia. Vile vinyago vya mashetani wenye viungo vilivyopinda navyo si vya enzi za kale: Samaki Likankoa aliuanzisha mtindo huo miaka ya 1950.

Kazi ya Wamaasai ni shanga, nayo ni ya akina mama. Shanga za kioo zenyewe kwa sehemu kubwa hutoka Ucheki. Mpangilio wa rangi ndio wa hapa.

“Karatu yenyewe haina sanaa, ni kituo cha mafuta tu kabla ya kreta.” Anayesema hivi hajateremka hadi Ziwa Eyasi. Kule wahunzi wa Kidatoga huvukuta moto kwa viriba vya ngozi, wakayeyusha kufuli chakavu na mabomba ya shaba kuwa bangili, na misumari wakaifua kuwa vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali na nyama. Wairaqw nao walikuwa na sketi za ngozi zilizotariziwa shanga, kazi ya miezi, ambazo leo nyingi ziko kwenye makumbusho ya ng’ambo. Na juu ya mji, shamba la utalii la Gibb’s Farm limekuwa likikaribisha wasanii kukaa na kufanya kazi pale shambani.

“Kinyago hiki kina miaka mia mbili.” Vumbi na moshi huzeesha mti kwa wiki chache, hilo kila mchongaji analijua. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu nchini kabla ya 1863, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Muulize muuzaji hicho kibali kiko wapi. Kinyago kitakuwa kipya papo hapo, na bei itashuka.