Sahani ya Maharage na Kiwanda cha Ini

Huko Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega nchini Burundi, maharage yaliyoungwa kwa mawese ni chakula kilichozoeleka, na katika mji wa Muyinga ni vilevile. Je, mawese yana kolesteroli? Hayana kiasi cha kuhesabika, kwa kuwa kolesteroli hutoka kwenye vyakula vya wanyama: nyama, mayai, maziwa. Inakuwaje basi mtu anayeonja nyama kwa nadra akapimwa na kukutwa nayo nyingi?

Inatoka ndani yake mwenyewe. Mwili huunda sehemu kubwa ya kolesteroli yake, na ini ni kiwanda chake kikuu. Bila kolesteroli hakuna utando wa seli, nyongo wala homoni za uzazi. Mwaka 1971 watafiti walieleza jinsi miili ya Wamasai waliolishwa kolesteroli nyingi ilivyopunguza kuizalisha, damu yao ikabaki na kiwango cha chini.

Kipimo cha kiwanda hicho kimo ndani ya seli ya ini, kwenye mtandao wa vifuko na mirija uitwao retikulamu ya endoplazimu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa utafiti wao juu ya kolesteroli, ni miongoni mwa waliofumbua siri yake. Utando wa mtandao huo una kolesteroli kidogo sana. Ikipungua zaidi, protini maalumu husafiri hadi kwenye kiini cha seli kuamuru nyingine itengenezwe. Ikiongezeka, protini hiyo huzuiliwa pale pale.

Tatizo huanza kolesteroli inapofurika. Utando uliokuwa laini hukakamaa, na pampu zinazoingiza kalisi humo hulegea. Protini zinazohitaji kalisi ili zikunjwe vizuri huharibika umbo na kurundikana. Hapo seli hupiga king'ora: huo ndio msongo wa seli.

King'ora hicho huifikia insulini, homoni inayoliamuru ini lifunge sukari. Mwaka 2004 kundi la Gökhan Hotamisligil wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha, kwa panya wanene, kwamba msongo huo huamsha kimeng'enya kiitwacho JNK, nacho huvuruga protini inayopokea ujumbe wa insulini ndani ya seli. Ini likishakuwa sugu kwa insulini, huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata baada ya mlo, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Ajabu ni kwamba ini hilo hilo, lililoacha kutii amri ya kufunga sukari, bado hutii amri ya kutengeneza mafuta. Kwa hiyo mafuta huongezeka, na msongo nao huongezeka.

Mawese yanarudi hapa kwa mlango mwingine. Zaidi ya theluthi moja ya mafuta yake ni asidi ya palmitiki; kwenye maabara, asidi hiyo ikizidi huzitia seli za ini msongo, na mlo wenye mafuta ya aina hiyo kwa wingi hupunguza uwezo wa ini kuondoa kolesteroli kwenye damu. Lakini katika sahani ile ile kuna maharage. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo utumboni na kutoka nayo chooni, na ini, likitaka kuunda nyongo mpya, huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Kijiko cha mawese kikipunguzwa na maharage yakabaki mengi, ini hupata nafuu.