BREKI YA MKONO ISIYO NA MKONO: PIMA KABLA YA KUNUNUA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Basi, mwanafunzi mwenzangu, nami nauliza: gari likiegeshwa mlimani, ni kitu gani hulizuia lisibingirike? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Dereva alivuta mkono wa hendibreki, kamba ya chuma ikakaza breki za magurudumu ya nyuma, mambo kwisha. Siku hizi magari mengi hayana mkono huo. Pana kitufe kidogo tu chenye herufi P ndani ya duara. Ukikivuta, unasikia mlio mdogo huko nyuma, na gari limefungwa.

Miongoni mwa magari ya kwanza kuwa na breki hii ni BMW 7 Series ya mwaka 2001. Nchini Kenya magari yaliyotumika yanayoingizwa hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8, kwa hivyo haishangazi kuona kitufe hiki hata katika barabara zetu za huku Mwingi na Nuu. Shida huanza kinapogoma. Mwenye gari huambiwa upesi, "Mota imekufa!" Anauza mbuzi, ananunua mota, na gari linabaki palepale. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye waya!

Inavyofanya kazi

Kitufe hakivuti chochote. Hupeleka habari tu kwa kompyuta ya breki. Kompyuta nayo huruhusu umeme wa betri uende kwenye mota. Magari mengi yana mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Mengine yana mota moja inayovuta kamba. Mota huzungusha skrubu, na skrubu hukaza breki. Ili kuachilia, kompyuta hugeuza mkondo wa umeme, chanya ikawa hasi, na mota ikazunguka kinyume.

Tambua jambo hili: skrubu hairudi yenyewe. Stimu ikikatika, breki hubaki ilivyokuwa. Ikiwa imefungwa, itabaki imefungwa. Ikiwa imeachiliwa, haitafunga, na hapo ndipo penye hatari.

Usalama kwanza

Kabla ya kugusa chochote, weka mawe makubwa au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingize vidole karibu na breki wakati swichi ya gari imewashwa, kwa sababu mota inaweza kukaza yenyewe bila hodi. Tena usiunganishe betri na mota moja kwa moja bila kufuata kitabu cha gari. Unaweza kuvunja gia zake ndogo.

Hatua za kutafuta kasoro

Kwanza, pima betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Mota hizi hula umeme mwingi kwa ghafla, na betri dhaifu huifanya kompyuta ikatae kazi. Angalia pia kama vichwa vya betri vimelegea au vimeota unga mweupe.

Pili, tazama taa za breki. Magari mengi hukataa kuachilia breki hii mpaka dereva akanyage pedali. Mwambie mwenzako asimame nyuma ya gari. Ukikanyaga na taa zisiwake, huenda swichi ndogo iliyo kwenye pedali imekufa. Kompyuta haijui kwamba umekanyaga! Swichi hiyo haigharimu pesa nyingi kama mota.

Tatu, kagua fyuzi. Usiitazame kwa macho tu, ipime. Ikiwa imeungua, jiulize ni kwa nini. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, maana utachoma gari.

Nne, linganisha kushoto na kulia. Hapa akili hushinda nguvu. Ikiwa pande zote mbili zimegoma, tafuta kitu kinachotumiwa na zote: betri, fyuzi, kitufe au kompyuta. Ikiwa ni upande mmoja tu, mshuku waya au mota ya upande huo.

Tano, pima penye mota. Soketi ikiwa bado imechomekwa, penyeza ncha za mita kwa nyuma yake, kisha mwenzako avute kitufe. Ukiona volti zinazokaribia za betri na mota iko kimya, basi mota ndiyo mbaya. Ikiwa hakuna umeme, au ni kidogo mno, mota haina hatia. Rudi nyuma ukifuata waya. Waya hizi hukaa chini karibu na tairi, mahali penye vumbi, tope na maji ya mito yetu ya mchanga. Kutu ndani ya soketi ni adui mkubwa. Waya pia huweza kukatika ndani kwa ndani, huku ganda la nje likionekana zima.

Fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari anaweza kukusaidia tangu mwanzo. Kasoro zinazoanza na herufi C ni za upande wa breki na magurudumu, na zile za U ni za mawasiliano kati ya kompyuta. Lakini mashine huonyesha mtaa tu, haionyeshi nyumba. Ikisema "mota ya kushoto", bado ni lazima upime waya wake.

Tamati

Wenzangu, kumbe ile sakiti tunayochora katika somo la Fizikia si ya mtihani peke yake. Betri, swichi, waya na mota ni vilevile, viwe ubaoni au chini ya gari. Fundi bora si yule mwenye spana nyingi, bali ni yule anayefuata njia ya umeme hatua kwa hatua mpaka inapokatikia. Haraka haraka haina baraka. Kubahatisha humfilisi mwenye gari, na breki iliyobahatishwa huweza kumuua mpita njia aliye chini ya mteremko. Pima kwanza, ndipo ununue.