Umri wa Tairi na Bei Yake

Gari dogo lenye uzito wa tani moja huishika barabara mahali panne tu, na kila mahali ukubwa wake haupiti sana kiganja cha mkono. Breki na usukani hutegemea vipande hivyo vinne vya mpira. Hata hivyo, mwenye gari aendapo kununua tairi, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali hilo si baya, ila halina budi kuulizwa kikamilifu.

Katika miji kama Dar es Salaam, matairi yaliyokwisha kutumika Japani na Ulaya huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya matairi mapya. Je, huo ni unafuu kweli? Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake mfano huu. Kashata za tairi jipya, yaani vinundu vigusavyo barabara, zina kina cha milimita 8. Katika nchi nyingi tairi lililopungua milimita 1.6 haliruhusiwi barabarani, kwa kuwa mifereji yake haiwezi tena kuondoa maji ya mvua. Basi mpira wa kutumika ni milimita 6.4. Ikiwa tairi hilo limenunuliwa kwa shilingi 144,000 na likaenda kilomita 48,000, kila kilomita imegharimu shilingi 3. Tairi la mtumba lenye kina cha milimita 4 limebakiwa na milimita 2.4 tu za kutumika, yaani sehemu tatu katika nane za lile jipya, nalo litakwenda kilomita 18,000. Likiuzwa kwa shilingi 63,000, kila kilomita itagharimu shilingi 3 na nusu. Ili mnunuzi asipunjwe, bei yake isizidi shilingi 54,000. Ujira wa fundi, ambao hulipwa kila tairi linapobadilishwa, bado haujatiwa katika hesabu.

Tena hesabu hiyo yachukulia kwamba mpira wa matairi yote mawili ni sawa, na sivyo ulivyo. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara na wenye kunyumbuka. Salfa hujenga madaraja baina ya molekuli ndefu za mpira. Oksijeni ya hewani huiendeleza kazi hiyo bila kutakiwa: hupenya polepole, huongeza madaraja, na mpira hukakamaa. Ozoni nayo hukata molekuli zilizovutika, na ndiyo sababu ya nyufa nyembamba zionekanazo ubavuni mwa tairi. Joto huharakisha mambo hayo. Watengenezaji huchanganya nta na dawa za kuukinga mpira, nazo hujitokeza juu tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililokaa ghalani, au la akiba lililo nyuma ya gari, hukosa kinga hiyo kwa kiasi kikubwa. Huzeeka ingawa kashata zake ni nzima. Hatari kubwa imo ndani, kwenye mikanda ya nyaya za chuma isiyoonekana. Mpira wa hapo ukichoka, kashata zaweza kubanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Umri husomwa ubavuni, katika namba ianzayo na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kwa zawadi. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja, hivyo yafaa kuligeuza tairi. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6. Watengenezaji kadhaa wa matairi huweka kikomo cha miaka 10.

Ubavuni huweza pia kuonekana picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Hilo ni tairi la majira ya baridi. Mpira wake ni laini, nao umekusudiwa barabara zenye baridi kali. Juu ya lami ya moto ya pwani huisha upesi.

Tairi likishavikwa, upepo upimwe kwa geji asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo haba hujikunja kupita kiasi na kuchemka, na lile la akiba lipimwe pamoja na mengine.