Mchwa Walilima Zamani Sana

Mdudu akifa huoza, lakini nyumba yake inaweza kugeuka jiwe. Viota, mashimo na njia za namna hiyo huitwa visukuku vya alama.

Mwaka 2016 wanasayansi walieleza viota vya mchwa vilivyopatikana katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Vina umri wa miaka milioni 25 hivi. Ndani yake mna mabaki ya bustani za kuvu, ndugu wa uyoga. Mchwa hao hupeleka miti mikavu kiotani, kuvu huilainisha, kisha wao hula. Ni wakulima!

Viota hivyo vinatuambia kwamba hapo palikuwa na udongo wa nchi kavu, si chini ya ziwa, na mimea ya kutosha kulisha kundi zima. Mimi muuguzi husoma dalili za mgonjwa. Wao husoma dalili za ardhi.

Hadi leo uyoga huota kwenye vichuguu baada ya mvua. Mpigieni simu bibi au babu, mwulizeni kwao unaitwaje. Wazazi, wasaidieni kuandika. Majina hayo hayageuki mawe, tusipoyauliza yatapotea.