Je, Wajua? Yaliyomo Ndani ya Kopo la Filta ya Oili

Je, wajua kwamba magari ya mwanzo yalitembea bila filta ya oili? Uchafu ulizunguka pamoja na oili, na dawa pekee ilikuwa kuimwaga mara kwa mara. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alibuni filta iliyouzwa kwa jina la Purolator. Mwaka uliofuata Chrysler ilileta sokoni gari lililotoka kiwandani likiwa tayari na filta ya oili.

Je, wajua kwamba filta za zama hizo zilichuja sehemu ndogo tu ya oili, huku nyingine yote ikienda kwenye injini bila kuchujwa? Katika gari la leo oili hutoka kwenye pampu, ikaingia kwenye filta, ndipo ikaenda kulainisha beringi na krenki. Gari likiwa kwenye mwendo, oili yote ya injini hupita ndani ya lile kopo mara kadhaa kila dakika.

Si injini zote zilikuwa na kopo hilo. Volkswagen Beetle, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, ilitoka kiwandani bila filta ya karatasi. Ilikuwa na chujio la wavu wa chuma chini ya injini, ambalo hushika vipande vikubwa na kuachia vumbi lote jembamba lipite. Ndiyo maana oili yake ilitakiwa kumwagwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Pikipiki zenye injini ya muundo wa Honda CG125, ambazo nakala zake zimejaa barabarani kwetu, nazo hutegemea wavu pamoja na kikombe kinachozungushwa na krenki ili uchafu urushwe pembeni na kuganda ukutani. Ukiwa na pikipiki ya namna hiyo, hakuna filta ya kununua. Kuna wavu na kikombe vya kusafishwa, na oili ya kubadilishwa mapema.

Je, wajua kwamba uchafu unaoua injini huwezi kuuona? Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Jicho zuri huishia kwenye mikroni 40. Nafasi kati ya krenki na beringi zake huwa mikroni 20 hadi 50, na injini ikibeba mzigo, utando wa oili unaotenganisha vyuma hivyo hubanwa hadi kufikia mikroni chache. Chembe ya mikroni 10 ikiingia hapo hukwangua. Vumbi la barabara zetu limejaa silika, na silika hufika daraja la 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, juu ya vyuma vingi vya ndani ya injini.

Wahandisi wa General Motors walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988. Waliilinganisha filta ya mikroni 40 na filta zinazochuja zaidi. Kwa filta ya mikroni 30, ulikaji wa injini ulipungua kwa asilimia 50. Kwa ile ya mikroni 15, ulipungua kwa asilimia 70. Hapo ndipo ilipo tofauti ya filta nzuri na mbaya, na haionekani kwenye rangi ya kopo.

Je, wajua kwamba maneno “mikroni 20” yaliyoandikwa kwenye boksi hayana maana yakisimama peke yake? Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: inakamata asilimia ngapi ya chembe za ukubwa huo? Filta inayokamata nusu na filta inayokamata asilimia 99 zote zinaweza kuandikwa mikroni 20 bila mtu kusema uongo. Watengenezaji makini huandika vyote viwili, na hutaja kipimo cha kimataifa cha ISO 4548-12. Wengine hutumia namba iitwayo beta: beta 2 ni asilimia 50, beta 20 ni asilimia 95, beta 75 ni asilimia 98.7, beta 100 ni asilimia 99. Ukiona boksi limejaa sifa za “ulinzi wa hali ya juu” bila namba hata moja, ujue hujaambiwa kitu.

Vumbi la kupimia filta lilianza kuchukuliwa katika jangwa la Arizona, Marekani, na mpaka leo vumbi la maabara linaitwa kwa jina hilo ingawa sasa lina daraja zake rasmi. Huchanganywa kwenye oili na kuzungushwa tena na tena ndani ya filta mpaka ijae.

Je, wajua kwamba filta ina valvu ndani yake, na mara nyingi ni mbili?

Ya kwanza huzuia oili isirudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini ikizimwa. Ni kipande cha mpira kinachoziba kwa ndani vile vitundu vidogo vya pembezoni. Kikiwa kibovu, na filta imefungwa ikiwa imelala ubavu au imeinama, kopo hukauka usiku kucha. Asubuhi ukiwasha, injini inagonga kidogo na taa ya oili inachelewa kuzimika, kwa kuwa pampu inalijaza kopo kwanza kabla ya kupeleka oili juu. Filta za bei ya chini hutumia mpira mweusi wa naitrili, ambao hukakamaa kadiri unavyopikwa na joto. Filta bora nyingi hutumia silikoni, ambayo hubaki laini kwa muda mrefu. Silikoni mara nyingi huwa ya rangi ya chungwa au nyekundu, lakini mpira wa kawaida nao hutiwa rangi, kwa hiyo rangi si ushahidi. Penyeza kijiti safi cha plastiki kwenye kitundu cha pembeni, ubonyeze taratibu. Mpira unatakiwa uwepo, unyumbuke, kisha urudi mahali pake. Usipokuta mpira wowote kwenye filta ya injini inayohitaji valvu hiyo, mrudishie mwenye duka.

Ya pili ndiyo mafundi huiita baipasi, na huyu ndiye mlinzi asiyesifiwa. Karatasi ya filta ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, baipasi hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Oili chafu huchakaza beringi polepole, lakini kukosa oili huziua kwa dakika. Kwa hiyo baipasi inayofunguka mapema mno inakunyima uchujaji, na iliyokwama bila kufunguka inaweza kukunyima injini. Kwenye magari mengi madogo valvu hii hufunguka tofauti ya shinikizo ikikaribia bar 1. Subaru nyingi huhitaji takriban bar 1.6. Filta mbili zinaweza kulingana kwa urefu, upana na nyuzi za kufungia huku zikitofautiana kabisa hapo, na ukiwa na Subaru Forester au Impreza hili si jambo la kupuuza. Zipo pia injini ambazo baipasi yake imejengwa kwenye injini yenyewe, hivyo filta isiyo na valvu hiyo si lazima iwe feki. Kinachoamua ni namba ya filta iliyo kwenye kitabu cha gari au katalogi.

Je, wajua kwamba kutumia oili nzito kunaifanya filta nzuri isifanye kazi yake? Injini iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30 ikijazwa nzito ya 20W-50, kila asubuhi oili hupita kwa shida kwenye karatasi, na baipasi inakaa wazi muda mrefu zaidi. Umelipia uchujaji, kisha ukaufungulia mlango wa pembeni.

Sasa tuje kwenye jambo linalonikera kuliko yote: “hii inaingia.” Filta kuingia na filta kufaa ni vitu viwili. Toyota nyingi hutumia nyuzi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Honda hutumia nyuzi za milimita 20. Ukichukua filta ya Honda ukaifunga kwenye Toyota, itazunguka, itaonekana imekaza, na kumbe imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Shinikizo la oili baridi linaweza kufika bar kadhaa. Siku filta hiyo itakapoachia njiani, oili yote itamwagika barabarani kabla hujapata nafasi ya kuegesha. Usikubali filta kwa kuilinganisha kwa macho na ile ya zamani. Taja aina ya injini, mwaka na namba.

Je, wajua kwamba filta feki hainakiliwi ndani? Kinachonakiliwa ni boksi, rangi, nembo na hata stika inayong’aa. Ndani unaweza kukuta karatasi fupi yenye mikunjo michache iliyokaa ovyo, gundi isiyoshika mwisho hadi mwisho, au spring dhaifu. Mwanya wowote kati ya karatasi na kifuniko chake ni njia ya oili kupita bila kuchujwa. Kwa nje tazama nyuzi: ziwe safi, zisizo na vipele vya chuma. Mpira wa kuzibia ukae sawasawa kwenye mfereji wake, usicheze wala kuchomoka. Chungulia tundu la kati, uone bomba lililonyooka na lenye matundu yaliyopangika. Kisha angalia bei. Filta inayouzwa robo ya bei ya wakala, yenye nembo ileile, haina namna ya kuwa ileile.

Duka lina uzito kuliko boksi. Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala kuna wafanyabiashara waaminifu walioishi kwa jina lao miaka mingi, na jirani zao wapo wasiojali. Nunua kwa anayekuandikia risiti yenye namba ya filta na anayekubali kurudishiwa. Ukiuziwa feki, Tanzania ipo Tume ya Ushindani na Kenya ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Peleka risiti na filta yenyewe.

Uzito je? Filta nzito si lazima iwe bora, maana uzito unaweza kuwa wa bati. Sumaku iliyobandikwa kwenye kopo? Inavuta chuma peke yake. Silika na aluminiamu zinapita.

Je, wajua kwamba filta iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya? Uchafu wa mwanzo hupunguza upana wa vinyweleo vya karatasi. Kubadilisha kila baada ya wiki chache ni kupoteza pesa. Lakini ukiendesha kwenye vumbi, foleni na mizigo mizito, fuata ule muda mfupi ambao kitabu cha gari huutaja kwa mazingira magumu. Na kubadilisha oili huku ukiacha filta ya zamani ni kurudisha takriban robo lita ya oili chafu kwenye oili mpya.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikibebana, oili itatoka kwa kasi mara injini ikishika shinikizo. Paka mpira mpya oili safi, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono huohuo. Spana ni ya kufungulia. Kama gari lako linatumia filta ya karatasi tupu inayoingia kwenye nyumba yake, kama baadhi ya Toyota, lazima oringi ibadilishwe pia.

Je, wajua kwamba mtihani bora wa filta unafanyika ikishatoka? Kata kopo la ile ya zamani. Kikata bomba ni bora, maana msumeno huacha unga wa chuma utakaokuchanganya. Nyoosha karatasi. Mikunjo iliyolaliana inasema filta ilielemewa au ilikuwa dhaifu. Gundi iliyoachia inasema usiinunue tena. Vipande vinavyong’aa rangi ya shaba vinaweza kuwa vya beringi. Vinavyoshikwa na sumaku ni vya chuma. Ukiona hivyo, mwite fundi kabla ya kuwasha tena. Mwombe fundi wako akuachie filta kila sevisi. Ni mali yako, na umeilipia.

Kama hutaikata, kabla ya kuitupa itoboe mgongoni ingali na moto, uiinamishe juu ya chombo kwa muda wa saa 12. Oili inayotoka iunganishe na ile ya sampu na uipeleke kwa wanaokusanya oili chakavu. Isimwagwe mtaroni, kwani lita moja tu inaweza kuharibu hadi lita milioni moja za maji. Kopo likikauka, wanunuzi wa vyuma chakavu hulipokea.