Fitri Ifike Kabla ya Sala



Mwezi wa Shawwal ukaribiapo, fikira zetu huelekea nguo mpya, biriani na mkono wa idi kwa watoto. Nasi tulio Eldoret, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, huamkia Idi kwenye baridi kali. Asubuhi hiyo jirani asiye na akiba huamka na baridi na njaa pamoja.

Kwa ajili yake Mtume wetu (S.A.W.) aliamrisha zaka ya fitri itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kusali. Kipimo ni pishi moja, yaani vibaba 4, kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Nyumba ya watu 6 hutoa pishi 6. Katika madhehebu ya Shafi hutolewa chakula kikuu cha mji. Wengi wetu tuliotoka pwani tumezoea kupima mchele, lakini Uasin Gishu ni nchi ya mahindi, nayo mahindi yanafaa.

Fitri ikitolewa baada ya sala huwa sadaka kama sadaka nyingine. Mjane aliyeletewa pishi adhuhuri amekwisha kuwapeleka wanawe uwanjani bila kula.

Mashafi huruhusu kuitoa tangu Ramadhani inapoanza. Basi akina mama, ninyi mnaojua jiko la jirani lisilofuka moshi, tupimeni mapema, tusingoje mwezi uandame.

Idi njema kwenu nyote.