Kichwa Kiumacho kwa Ghafula

Ni nani asiyepata kuumwa na kichwa? Jua kali, njaa, kukesha na mtoto, homa ya malaria, hayo yote huleta maumivu. Na kwa kawaida mtu akinywa maji, akameza kidonge, akalala, huamka hajambo. Hatupendi kuwatia hofu kwa kila kichwa kiumacho. Twataka kueleza habari ya namna moja hasa, ile ijayo kwa ghafula.

Tarehe 12 Aprili 1945 Bwana Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa ameketi huko Warm Springs, katika Georgia, akichorwa sura yake. Mara akasema kisogo chamwuma mno. Akazimia, na alasiri ile ile akafariki, umri wake miaka 63. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ubongoni. Daktari alipopima shinikizo la damu aliona 300 juu ya 190, na la mtu mwenye afya ni kama 120 juu ya 80. Siku zile hapakuwa na dawa nzuri ya kulishusha. Siku hizi zipo.

Basi, alama kubwa si ukali peke yake, bali mwendo. Maumivu ya kawaida hupanda polepole. Haya hufika kilele chake kwa muda wa dakika moja, hata mgonjwa husema, "Ni kama nimepigwa rungu; tangu kuzaliwa sijaona kama haya." Pengine ni mshipa ulio chini ya ubongo, uliofanya kivimbe mahali palipo dhaifu, kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo. Shingo hukaza, mtu hutapika, mwanga humchoma macho. Tena huenda maumivu yakapungua baada ya saa chache, watu wa nyumbani wakafurahi. Furaha hiyo ina hatari, kwa sababu damu yaweza kutoka tena, hasa katika saa 24 za kwanza.

Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku. Vivyo hivyo aumwaye na kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo, nasi wengi wetu huiita malaria tukangoja. Vivyo hivyo aliyepotewa na maneno, au aliyelegea mkono mmoja, au aliyeanguka kifafa. Mama mwenye mimba iliyopita miezi 5, au aliyejifungua na majuma 6 hayajapita, asingoje hata kidogo akiumwa sana na kichwa na macho yakiona ukungu: kifafa cha mimba huweza kuanza hivyo.

Asipewe aspirini, maana huzuia damu isigande. Akizimia, alazwe kwa ubavu. Msipoteze saa kwa kumfunga kitambaa kichwani, wala kwa kuulizana ni nani aliyemroga. Hospitali ndogo nyingi hazina mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, nayo picha huonyesha damu vizuri zaidi ikipigwa ndani ya saa 6. Kwa hiyo ulizeni leo ni hospitali ipi iliyo nayo, na ni gari la nani liwezalo kwenda usiku. Naye ampelekaye mgonjwa aikumbuke saa maumivu yalipoanza, maana daktari atamwuliza.